Farasi Amemla Askofu

Mutwalibu Kirunda alikuwa fundi cherehani wa Mpumudde, Jinja, na majirani walimjua kwa mambo mawili. Mshono wake haukuachia. Na ukimkuta macho yamezama kwenye ule ubao wake, ungeweza kusimama hapo na kitambaa chako mpaka miguu ife ganzi, asijue umekuja.

Ubao wenyewe ulikuwa wa sataranji. Ulikaa juu ya stuli kando ya cherehani, kete zake zimechongwa kwa mti wa mvule, isipokuwa malkia mweusi, aliyepotea zamani na nafasi yake ikachukuliwa na kigurudumu cha uzi kilichokwisha. Mutwalibu alikuwa akikanyaga cherehani, mara anasimama katikati ya mshono, sindano ingali ndani ya nguo, anamwinua farasi, anamzungusha hewani, anamrudisha alipokuwa, kisha anaendelea kushona kana kwamba hakuna lililotokea. Alicheza akila. Alicheza akiwa na homa. Siku moja msikitini, katika swala ya alasiri, alichelewa kuinuka kutoka kwenye sijda kwa sababu alikuwa ameona ghafla namna ya kuokoa ngome yake. Aliona haya siku nyingi, lakini ngome aliiokoa.

Mchezo aliufundishwa kiwandani. Kabla Wahindi hawajafukuzwa, yeye na Yekosofati Masaba, Mgisu wa Mbale, walifanya kazi chumba kimoja katika kiwanda cha nguo. Msimamizi wao, Mhindi mmoja mzee, aliwafundisha saa ya chakula ili apate watu wa kuwafunga. Haukupita muda wakawa wanamfunga yeye. Yule mzee alipoondoka na sanduku lake, na mashine zikaanza kunyamaza moja moja kwa kukosa vipuri, Masaba alirudi kwao Mbale akapata kazi ya ualimu, Mutwalibu akanunua cherehani. Urafiki wao ukabaki umeshikwa na uzi mmoja tu, nao ni mchezo.

Lakini watachezaje, huyu Jinja, yule Mbale? Barua zilikuwa zikifunguliwa. Kila mtu alijua. Wakaona lililo salama ni mdomo. Babirye, dada mkubwa wa Mutwalibu, alikuwa mjane aliyenunua samaki wakavu pale Masese na kuwapeleka Mbale kwa lori kila wiki. Kichwa chake kilishika maneno kama gundi. Yeye ndiye aliyekuwa posta yao.

"Sema tena," angesema, akifunga mzigo wake.

"Ngome ya malkia isogee mbele ya mfalme wake."

"Isogee mbele ya mfalme wake. Na Masaba akiniuliza kwa nini?"

"Hatauliza, dada. Ataguna."

"Kweli, huguna," Babirye alikubali, akicheka. "Mkewe anapika, yeye anaguna. Wanaume wazima."

Mchezo wenyewe hakuujua wala hakuutaka. Aliyachukua maneno kama alivyowachukua samaki, akayafikisha, akarudi na mengine.

Palikuwa na neno moja ambalo marafiki hawa walibishana juu yake. Ile kete inayokwenda mshazari, yule Mhindi aliiita ngamia, na Mutwalibu akaizoea hivyo. Masaba, aliyesoma shule ya misheni, alisema jina lake la haki ni askofu. Ndivyo wanavyoiita Waingereza wote, tena kete ina kofia ya askofu. Walivutana mpaka Mutwalibu akachoka. Kwa ajili ya kuelewana, akakubali askofu.

Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba unaweza kuponza kichwa cha mwingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa sabini na saba. Mwezi ule askofu mkuu alikuwa ameitwa na serikali akarudishwa maiti. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Watu walisema ndiyo, ajali, kisha wakafunga milango yao wakanong'ona. Makanisani watu waliimba huku wakitazama nyuma, na Waislamu kama Mutwalibu, ambao wengine walidhani wako salama, nao walijifunza kutotaja jina la mtu yeyote mkubwa hata kwa mema.

Siku moja ya mwezi huo Babirye aliondoka na samaki wake asubuhi. Kesho yake akaja Night, mwenzake wa biashara aliyekuwa naye kwenye lori, akasimama mlangoni kwa Mutwalibu bila kikapu, bila leso, viatu vina vumbi mpaka kwenye vifundo.

"Kaka, wamemshika dada yako."

Mutwalibu hakuinuka. Mguu wake ulikuwa bado juu ya kanyagio.

"Nani?"

"Pale kwenye kizuizi cha barabarani, kabla ya Tororo. Alikuwa anayarudia yale maneno yako. Huyarudia kila safari, asije akayasahau. Askari akapanda kukagua mizigo, akamsikia."

"Akasikia nini?"

Night aligeuka akatazama barabara kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya pumzi tu: "Farasi amemla askofu. Mfalme hana pa kukimbilia."

Ndiyo hayo aliyomtuma. Mutwalibu alikuwa ameufurahia sana mchezo ule wa farasi. Alikuwa ameutafuta siku nyingi. Sasa aliyasikia maneno yale kama alivyoyasikia yule askari.

Night alimweleza yaliyosalia. Babirye alisema ni mambo ya mchezo, akapigwa kofi. Aliulizwa maneno yanapelekwa kwa nani, akasema kwa mwalimu mmoja wa Mbale, jina akasema halijui. Wakamtupa ndani ya gari lao na kumpeleka kambi ya jeshi, Mbale.

Mkewe Mutwalibu alisema alichokuwa anakijua kila mtu wa Uganda wakati ule: aliyeingia kule, humfuati. Ukimfuata mnakuwa wawili. Mutwalibu alimsikiliza. Alijaribu kushona, akaunganisha mguu mmoja wa suruali na mwingine. Mwisho akazifunga kete ndani ya kitambaa, akautia ubao gunia, akatoka. Hakuwa jasiri, nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walimwita jasiri naye alichukia. Aliona tu kwamba akikaa, angeishi miaka mingi akisikia sauti ya dada yake ikisema "sema tena."

Kwenye kizuizi kile kile askari alimwaga kete chini kwa ncha ya bunduki.

"Hii nini?"

"Mchezo, bwana. Kama omweso, lile bao la mashimo."

"Mzee mzima nacheza na watoto ya mbao," yule askari akasema, wenzake wakacheka. Mutwalibu naye alicheka, akaziokota amepiga magoti.

Alifikia kwanza Namatala, mtaa wa Mbale, kwa Masaba. Aliyefungua ni Khainza, mke wa Masaba, naye alifungua mlango kiasi cha upana wa uso.

"Shemeji, hayupo. Amesikia wanamtafuta mwalimu. Amepanda mlima Wanale, kwa watu wake."

"Nilitaka twende naye. Tukiwa wawili wataamini."

"Najua ulilotaka." Macho ya Khainza yalikuwa mekundu. "Ana watoto, shemeji."

Mutwalibu naye alikuwa na watoto, lakini hakulisema. Khainza alimpitishia kikombe cha maji katika ule mwanya, akanywa amesimama, akamrudishia. Kwa mwoga huenda kicheko, alijisemea njiani, kwa shujaa huenda kilio. Na alimwonea Masaba wivu, si hasira, kwa kuwa milimani wakati ule.

Langoni pa kambi alisema jina lake na shida yake. Walimwacha amekaa chini juani mpaka akili yake ikaanza kumchezea. Kisha wakamwingiza chumba chenye meza na dirisha moja. Nyuma ya meza alikaa luteni aliyeitwa Benedicto, mtu mrefu wa kaskazini, mpole wa sauti. Shanga za rozari zilionekana kidogo shingoni, ndani ya kola, na alipoona Mutwalibu amezitazama, alifunga kifungo.

Hapo Mutwalibu alielewa jambo lililomtia hofu zaidi. Mtu huyu naye anaogopa. Mkristo, mwezi ule, na mbele yake kuna kesi ya maneno juu ya askofu. Nyuma yake mlangoni askari wawili wanasikiliza atasemaje. Mtu mwenye hofu na bastola ni mbaya kuliko mwenye bastola tu.

"Wewe ndiye mwenye maneno?"

"Ndiyo, afande. Ni mchezo. Nimeuleta." Aliupanga ubao mezani, askari wa mbao mbele.

"Farasi ni nani?"

"Ni huyu, afande."

"Nimeuliza ni nani. Mfalme ni nani? Askofu ni nani?"

"Ni mti, afande. Wahindi humwita ngamia."

Luteni alimkazia macho. "Basi kwa nini hamkusema ngamia?"

Mutwalibu aliirudisha kete ile mahali pake.

Benedicto akaamuru mwanamke aletwe. Babirye aliingia bila leso kichwani, jicho moja limeziba kwa uvimbe, damu imekauka kutoka sikioni hadi shingoni. Hakumtazama ndugu yake. Alikalishwa sakafuni, uso ukutani.

"Mama," luteni akasema, "maneno yote uliyobeba tangu mchezo huu uanze, yake na ya yule mwalimu, yaseme moja moja. Wewe fundi, hamisha hiyo miti yako. Ukimsaidia kwa mdomo, tumemaliza."

Babirye akaanza. Sauti yake ilikuwa kavu, haina juu wala chini. "Askari wa mfalme aende mbele hatua mbili." Mutwalibu akasogeza. "Na yeye askari wa mfalme, hatua mbili." Akasogeza. Farasi wakatoka, maaskofu wakatoka, askari wakaliwa wakawekwa kando ya ubao. Wale wawili wa mlangoni walisogea kutazama. Kila neno la Babirye liliangukia mahali pake, na Mutwalibu alijiona kama mtu anayevuka mto juu ya mawe huku akitumaini jiwe linalofuata lipo.

Kisha jiwe likakosekana. "Ngome ya mfalme," Babirye akasema, "isogee mbele ya malkia."

Ngome ya mfalme haikuweza. Mfalme mwenyewe alikuwa ameizuia. Ilikuwa ni ngome ya malkia. Babirye, baada ya yote aliyotendewa, alikuwa amechanganya. Mutwalibu hakufikiri. Mkono wake uliinua ngome ya malkia ukaiweka inapopaswa.

"Simama," Benedicto akasema.

Mkono wa Mutwalibu ukabaki juu ya ngome.

"Amesema ya mfalme. Wewe umesogeza nyingine."

"Amekosea, afande."

"Au wewe umekosea. Au hakuna mchezo, unatupangia tu vitu hapa. Sogeza alivyosema."

"Haiwezekani, afande."

"Nani anakataza?"

"Mchezo ndio unakataza." Mutwalibu alisikia sauti yake ikipanda, kwa sababu sasa alikuwa akizungumzia kitu anachokijua, na hofu ilikuwa imempeleka upande wa pili wa hofu. "Mfalme amekaa njiani. Ngome hairuki. Anayeruka ni farasi peke yake. Afande, yangekuwa maneno ya waasi ningeisogeza tu. Nani angejua? Maneno ya uongo huenda popote. Hii haiendi."

Luteni aliishika ngome ile mwenyewe. Aliisukuma mpaka ikagonga mfalme. Akaitazama. Aliirudisha, akasema bila kugeuka, "Endelea, mama."

Waliendelea mpaka mwisho. Babirye alipofika kwenye neno lenyewe alinyamaza, mabega yakapanda karibu na masikio kama mtu anayengoja kupigwa.

"Sema," Benedicto akasema taratibu.

"Farasi amemla askofu," Babirye akasema na ukuta.

Mutwalibu alimwinua farasi, akakitoa kipande cha mti, akakiweka kando. Watu wote waliona ni mti. Askari mmoja alivuta pumzi kama aliyekuwa akitazama mpira.

Benedicto alikusanya kete zote ndani ya kitambaa, akazitia kwenye mtoto wa meza, ubao akauvunja kwa goti. Aliutupa upande wa wale askari ili waone. "Ni wapumbavu," aliwaambia kwa sauti kubwa. "Wajinga wawili wa samaki na nguo. Ondoeni hawa." Na walipopita karibu naye alisema chini, kwa sauti nyingine kabisa: "Nikilisikia tena neno hilo, sitauliza. Haitakuwa juu yangu kuuliza."

Walitoka. Hawakukimbia, maana anayekimbia hupigwa risasi. Walitembea, na mgongo wa Mutwalibu ulikuwa ukiwasha pale alipodhani risasi itaingilia, mpaka walipopinda kona.

"Dada," alisema hapo. "Pole."

"Usiniambie pole," Babirye akajibu. Aligeuza kichwa ili amsikie kwa sikio lililobaki, kwani la pili halijasikia tena hadi leo. "Kule ndani nilikuwa nayarudia yale maneno yako, nikaona nikiyasahau nimekwisha. Nimeyasema mpaka yakawa kama wadudu. Usinipe tena neno lako lolote la kubeba."

Baada ya hapo hakuongea naye, ingawa waliishi ua mmoja. Alimpelekea chakula mtoto wa Mutwalibu alipougua, akamsalimu wifi yake, akampita ndugu yake. Mutwalibu naye hakuchonga kete nyingine. Alicheza kichwani, akiwa na mdomo uliofungwa, na hata huko kichwani gari likisimama nje kete zote zilitawanyika. Wateja walishangaa: fundi sasa husikia mara moja ukimwita, tena huruka.

Vita vilipofika mwaka wa sabini na tisa, askari wa serikali walipita Jinja wakikimbilia mashariki, wakipora baiskeli, magodoro, na cherehani ya Mutwalibu. Familia ililala migombani, watoto wamezibwa midomo kwa viganja, mizinga ikisikika upande wa mto. Kisha wakaingia Watanzania na waliokuwa nao, watu wakashangilia barabarani. Mutwalibu alitoka naye kushangilia. Hapo ndipo hofu ilipomjia kwa mlango asioutazamia.

Alikuwa Mwislamu kama mtawala aliyekimbia, alijua Kiswahili, lugha ya askari wake, na jambo moja zaidi lilikuwa limezunguka mtaani kwa miaka miwili: aliingia kambini Mbale akatoka mzima. Asubuhi moja kundi la vijana na wazee, wengine amewashonea nguo za harusi, lilijaa uani kwake. Isabirye, jirani wa nyumba ya tatu ambaye kaka yake alichukuliwa asirudi, ndiye aliyekuwa mbele na panga.

"Kaka yangu alikwenda na mikono mitupu, hakurudi," Isabirye alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Wewe ulikwenda na mzigo, ukarudi. Uliwapelekea nini? Ulicheza nao nini?"

Mutwalibu alisema ni sataranji. Neno lilisikika la kipuuzi hata masikioni mwake. Mtu alimpiga teke la goti akaanguka, na akaona kanzu za watu na miguu, akajua kwamba safari hii hana ubao wa kuonyesha.

Babirye alitoka jikoni. Hakupiga kelele. Aliwapita wanaume wale kwa mabega kama anavyopita sokoni, akasimama juu ya ndugu yake, akavua leso yake mbele za watu, mwanamke wa makamo ambaye mtaani pale hakuwahi kuonekana kichwa wazi. Aligeuza upande wa sikio lile lililokunjamana.

"Isabirye, njoo utazame. Hiki ndicho walichochukua. Alinifuata mimi. Nani mwingine hapa alimfuata mtu wake?"

Lilikuwa swali la kikatili, hasa kwa Isabirye, na Babirye alilijua. Panga lilishuka. Isabirye alikaa chini pale pale uani akalia kwa sauti, na wale wengine, mmoja mmoja, wakakumbuka kazi zao.

Jioni hiyo Babirye alimpelekea ndugu yake maji ya moto ya kukanda goti. "Kaza hapa," alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Mbale, na Mutwalibu akakaza.

Miaka ya kujijenga upya ilikuwa ya sukari ya foleni na serikali zilizobadilika kabla watu hawajajua majina. Mutwalibu alikodi cherehani ya mtu, baadaye akapata yake. Babirye alirudi barabarani na samaki, lakini akasema hatapita tena vile vizuizi peke yake; vilikuwepo bado, askari wamebadilika tu nguo. Hivyo Mutwalibu akawa anafuatana naye, ameketi juu ya magunia, na kila lori lilipopunguza mwendo mikono yao ilitafutana bila wao kutazamana.

Safari ya kwanza kama hiyo ndiyo iliyomfikisha tena kwa Masaba, aliyekuwa amehamia Wanale moja kwa moja, chini ya jabali, analima kahawa na migomba. Masaba alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Walishikana mikono muda mrefu.

"Nilikuwa juu pale," Masaba alisema, akionyesha kwa kidevu. "Nilikuwa naiona kambi. Niliitazama siku nzima."

"Ulifanya vizuri kukaa," Mutwalibu alimwambia, naye alimaanisha.

Khainza aliwaletea malewa, machipukizi ya mianzi, na ndizi. Masaba akaingia ndani akatoka na ubao mpya na kete alizozichonga mwenyewe kwa mti wa kahawa, akauweka kati yao juu ya kreti. Walianza kucheza. Walicheza polepole kama watu wanaojifunza kutembea baada ya ugonjwa, na baada ya muda Masaba akaguna, na Mutwalibu akacheka.

Ndipo gari likasikika likipanda njia ya chini, likasimama karibu na ua. Mlango wake ukafungwa kwa kishindo. Masaba alikuwa tayari ameuzoa ubao, kete zikimwagika kwenye nyasi, na Mutwalibu alikuwa amesimama kwenye ukuta wa jiko pasipo kujua alifikaje. Khainza alichungulia.

"Ni watu wa chama cha kahawa," alisema. "Wanakwenda kwa jirani."

Wale wanaume wawili walibaki walipokuwa mpaka gari likaondoka. Kisha Mutwalibu alipiga magoti akaanza kutafuta kete katika nyasi, na Masaba akapiga magoti upande wa pili.

"Ilikuwa zamu ya nani?" Masaba akauliza.

"Yako," Mutwalibu akasema. Hakuwa na hakika.